Dawa ya kwapa: safari ndefu ya kutoka kwenye shabu na kurudi kwenye shabu

Leo tunazungumzia jambo ambalo watu wazima hulitaja kwa sauti ya chini, nalo ni kwapa: jasho lake, harufu yake, na dawa ambazo binadamu amekuwa akizipaka hapo kwa muda wa miaka elfu mbili, ikiwa si zaidi.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni nyepesi. Ukiingia katika duka la dawa mjini London au Chicago hivi leo, utakuta rafu nzima ya vichupa na vijiti vilivyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba havina alumini. Miaka 40 iliyopita maneno hayo yasingeuza hata kichupa kimoja, kwani alumini ndiyo iliyokuwa nguvu ya dawa hizo. Sasa watu wengi wanaziacha dawa za kuzuia jasho na kuhamia kwenye zile zinazoitwa za asili. Wapo wanaohama kwa sababu ngozi inawawasha. Wapo waliochoka na madoa ya manjano kwenye kanzu na blauzi nyeupe. Na wapo, wala si wachache, wanaohama kwa kuogopa saratani ya matiti. Hofu hiyo ina historia yake, nayo imefungamana na historia nyingine, ile ya aibu.

Kabla ya kuianza safari, hatuna budi kutenganisha vitu viwili ambavyo lugha ya dukani huvichanganya. Kuna kiondoa harufu, ambacho humwacha mtu atoke jasho kama kawaida lakini huwaua au kuwadhoofisha bakteria wanaoleta harufu, au huifunika harufu hiyo kwa manukato. Na kuna kizuia jasho, ambacho hutiwa chumvi za alumini. Chumvi hizo zikikutana na jasho huganda na kuwa kama utomvu, zikaiziba kwa muda mirija midogo ya jasho, na kwapa likabaki kavu. Nchini Marekani sheria inavitofautisha kabisa: kiondoa harufu ni kipodozi, na kizuia jasho ni dawa, kwa kuwa kinabadilisha kazi ya mwili. Katika Umoja wa Ulaya vyote viwili huhesabiwa kuwa vipodozi.

Na jasho lenyewe je? Mwili wa binadamu una tezi za jasho zipatazo milioni mbili hadi nne. Nyingi kati ya hizo hutoa maji ya chumvi ambayo hukauka juu ya ngozi na kuupoza mwili. Lakini kwapani, na katika sehemu nyingine chache zenye nywele, kuna tezi za aina ya pili zinazoamka wakati wa kubaleghe, na hizo hutoa majimaji mazito zaidi yenye mafuta na protini. Majimaji hayo yanapotoka hayana harufu. Harufu, ile ambayo Waswahili huiita kikwapa au kutuzi, huzaliwa pale bakteria wanaoishi juu ya ngozi wanapoyala na kuyavunjavunja. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, walikieleza kimeng'enya kimoja kilichomo ndani ya bakteria aitwaye Staphylococcus hominis, ambacho ndicho kinachozitoa zile chembechembe zenye salfa. Chembechembe hizo pua huzikamata hata zikiwa kidogo mno.

Watu wa kale hawakuvijua vimeng'enya, lakini pua walikuwa nazo. Mshairi wa Kirumi Catullus, katika karne ya mwisho kabla ya kuzaliwa Kristo, alimdhihaki mtu mmoja kwa kusema kwamba kwapani mwake anaishi beberu, mfano ambao hauwezi kuwa mgeni masikioni mwa Waswahili. Mrumi mwingine, Pliny Mkubwa, aliyekufa mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika katika kitabu chake kikubwa cha maumbile kwamba kuna jiwe la chumvi linalotuliza jasho na harufu ya kwapa. Jiwe hilo ni shabu.

Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki na katika nchi ya Oman, shabu haihitaji kutambulishwa. Neno lenyewe tumelipokea kutoka kwa Waarabu. Ni kile kipande cheupe, kigumu, chenye kupenyeza mwanga, ambacho kinyozi humpitishia mteja kidevuni baada ya kumnyoa ili kufunga damu. Ambacho hutiwa ndani ya maji machafu ili tope lizame chini. Na ambacho hulowanishwa na kusuguliwa kwapani baada ya kuoga. Wengine walipendelea kipande cha ndimu. Aidha, kwa Waislamu kuondoa nywele za kwapa ni katika mambo ya usafi yaliyohimizwa na Sunna, na nywele zikiondoka, harufu hukosa pa kushikilia. Juu ya usafi huo ndipo yakaja manukato: liwa, marashi ya mawaridi, asumini, na udi uliofukizwa chetezoni huku nguo zimetandazwa juu ya moshi wake, pamoja na ubani kutoka milima ya Dhofar. Jasho lilihesabiwa kuwa ni sehemu ya kazi na ya joto. Kilichosakwa na kufukuzwa kilikuwa ni harufu.

Lakini tusiwapambe watu wa zamani kupita kiasi. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, anasimulia habari za Ziryab, yule mwanamuziki mashuhuri aliyetoka Baghdad akahamia Cordoba, Andalusia, katika karne ya 9, na ambaye aliwafundisha watu wa mji huo adabu za meza, mavazi na usafi. Miongoni mwa aliyowafundisha ni kutumia unga wa murtak kwa ajili ya kwapa. Murtak huo ni oksidi ya risasi, na risasi ni sumu. Tutakutana nao tena mbele ya safari.

Sasa tuvuke bahari hadi Marekani, mahali ambapo biashara ya kwapa ya zama zetu ilizaliwa. Mwaka 1888, katika mji wa Philadelphia, ilianza kuuzwa krimu iliyoitwa Mum. Ilikuwa ni mchanganyiko mzito wenye oksidi ya zinki, uliopakwa kwa ncha ya kidole, nayo ndiyo huhesabiwa kuwa kiondoa harufu cha kwanza chenye jina la biashara. Mwaka 1903 kikafuata kizuia jasho cha kwanza, Everdry, kilichotumia kloridi ya alumini. Wanunuzi hawakuwa wengi. Watu walioga, walipaka manukato, na wanawake walishonea vitambaa maalumu kwapani ili nguo isilowe. Hawakuona upungufu wowote.

Aliyeibadilisha hali hiyo alikuwa ni msichana. Edna Murphey wa Cincinnati, katika jimbo la Ohio, alikuwa binti wa daktari aliyejitengenezea maji ya dawa ili mikono yake isitoke jasho wakati wa kupasua wagonjwa. Binti akayajaribu kwapani, akaona yanafaa. Akakopa dola 150 kutoka kwa babu yake, akaipa dawa jina la Odorono, na katika majira ya joto ya mwaka 1912 akaipeleka kwenye maonyesho ya Atlantic City. Mwanzoni hakununua mtu. Kisha joto likazidi, watu wakaanza kulowa mbele ya macho yake, na mauzo yakapanda hadi kufikia dola 30,000.

Tusidhani kwamba ilikuwa dawa ya raha. Ili chumvi ya alumini isiharibike, ilibidi ichanganywe na asidi, na asidi hiyo iliunguza ngozi na kula nguo. Rangi yake ilikuwa nyekundu, kwa hiyo ilitia madoa pia. Mtumiaji alishauriwa kuipaka usiku na kungoja ikauke kabisa. Kwa hayo yote faida yake ilikuwa kwapa kavu kwa muda wa hata siku tatu. Murphey alihitaji mtu wa kuwashawishi wanawake kwamba faida hiyo inastahili maumivu yake, na mtu huyo alikuwa James Webb Young, aliyepata kuuza Biblia nyumba kwa nyumba kabla ya kuingia katika shirika la matangazo la J. Walter Thompson.

Kwanza Young alijaribu njia ya udaktari: jasho jingi ni maradhi, na hii hapa tiba yake. Mauzo yalipanda, kisha yakakwama. Ndipo alipoagiza wanawake waulizwe majumbani mwao. Majibu yalionyesha kwamba karibu kila mwanamke ameisikia Odorono, lakini theluthi moja tu wanaitumia. Theluthi mbili hawakuiona haja yake. Mfanyabiashara mwingine angekata tamaa. Young alitambua kwamba tatizo lake halikuwa dawa, bali lilikuwa utulivu wa wale wanawake.

Mwaka 1919, katika gazeti la wanawake la Ladies' Home Journal, likatoka tangazo lililoonyesha mwanamume na mwanamke katika hali ya mahaba, na chini yake maelezo marefu kuhusu jambo ambalo watu hulikwepa kulizungumza. Kiini cha maelezo hayo ni kwamba mwanamke anaweza kuwa ananuka bila mwenyewe kujua, na kwamba hakuna atakayemwambia. Watu watamwepuka tu. Wasomaji wapatao 200 walikasirika hata wakaacha kulinunua gazeti hilo, na wanawake waliomfahamu Young walimwambia kwamba ametukana wanawake wote wa Marekani. Lakini mwaka uliofuata mauzo ya Odorono yaliongezeka kwa asilimia 112, yakafika dola 417,000. Mwaka 1927 yalikuwa yamefika dola milioni moja, na mwaka 1929 Edna Murphey akaiuza kampuni yake.

Inafaa tusimame kidogo hapa, kwa sababu kila kilichofuata kimeota juu ya mzizi huu. Aibu ya kawaida ina dawa yake: mtu akikosea huambiwa, akajirekebisha. Aibu aliyoibuni Young haikuwa na mwisho, kwa kuwa aliyekaa kimya ndiye shahidi wake. Ukiambiwa hunuki, huenda wanakustahi. Usipoambiwa neno, pengine wanakusema. Mtu wa namna hiyo hawezi kamwe kujiridhisha, na asiyejiridhisha ni mteja wa maisha.

Mbegu ilivuka mipaka upesi. Baada ya mdororo wa uchumi wa mwaka 1929 wakageukiwa wanaume, wakatishwa kwamba harufu inaweza kumkosesha mtu kazi. Mwaka 1935 ikatoka Top-Flite, ndani ya chupa nyeusi, ili mwanaume asijione ametumia kitu cha kike. Sabuni ya Lifebuoy ilijenga jina lake juu ya hofu hiyo hiyo ya harufu ya mwili. Na huku Afrika, mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1996 kuhusu Zimbabwe, ameonyesha jinsi matangazo ya sabuni na vipodozi yalivyoegemea fikra za walowezi kwamba mwili wa Mwafrika ni mchafu kwa asili. Mwanamke wa New York alitishwa kwa kukosa mchumba. Mfanyakazi wa Kiafrika mjini Salisbury, ambayo leo ni Harare, alikuwa akihukumiwa kwa ngozi yake hata kabla hajatoka jasho.

Yaliyobaki katika ufundi wa dawa hizi tunaweza kuyapitia kwa haraka. Mkemia Jules Montenier alipata hataza mwaka 1941 kwa kupunguza ukali wa ile asidi, na baadaye akatoa Stopette, dawa ya kupuliza kwa kuminya chupa ya plastiki, iliyofadhili kipindi maarufu cha televisheni cha What's My Line? Katika miaka ya 1950 kikaja kichupa chenye gololi mdomoni, wazo lililochukuliwa kutoka kwenye kalamu ya wino wa gololi. Mwaka 1960 ikaja Right Guard, dawa ya mkebe wa kupuliza, na kwa muda mkebe ukatawala. Lakini mwaka 1977 Marekani ilipiga marufuku mikebe ya kuzuia jasho yenye madini ya zirkoniamu kwa kuhofia mapafu, na mwaka uliofuata ikaziondoa kwenye mikebe ya kawaida zile gesi zilizotuhumiwa kulila tabaka la ozoni. Watumiaji wengi wakarudi kwenye vijiti na gololi, na alumini ikaendelea kushika enzi.

Hofu ya alumini yenyewe ilianzia maabara. Mwaka 1965 watafiti waliwadunga sungura chumvi za alumini na kuona mabadiliko katika ubongo wao, jambo lililozusha swali kama madini hayo yanahusika na ugonjwa wa Alzheimer. Katika miaka ya 1970 likatokea jambo zito zaidi. Wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walianza kupoteza kumbukumbu na usemi, na wengine wakafa, na ikagundulika kwamba alumini iliyokuwa ndani ya maji ya mashine ilikuwa ikiingia moja kwa moja katika damu zao. Watu hao hawakuwa na figo za kuitoa. Tangu hapo suala la alumini na figo halikuwa la mzaha, na ndiyo maana kanuni za Marekani za mwaka 2003 zinataka kila kizuia jasho kibebe onyo kwa mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kukitumia. Onyo hilo limeandikwa kwa herufi ndogo, na naamini wengi wetu hatujapata kulisoma.

Lakini lililowahamisha watu kwa wingi halikuwa onyo la figo. Lilikuwa barua isiyo na mwandishi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulienea katika barua pepe ujumbe uliodai kwamba kizuia jasho huzuia sumu za mwili zisitoke, sumu hizo hurudi na kukusanyika katika tezi za kwapani, na hapo huanzisha saratani ya matiti. Kila aliyeupokea aliombwa kuwapelekea wanawake awapendao. Kwa mtu asiyekuwa daktari ujumbe huo ulikuwa na sura ya akili: kwapa liko karibu na titi, na ni kweli kwamba uvimbe mwingi wa saratani hutokea upande wa juu wa nje wa titi, karibu na kwapa.

Tuuchambue kwa haki. Jasho ni maji na chumvi kwa sehemu yake kubwa. Kazi ya kuondoa sumu ni ya ini na figo. Tezi zile za kinga zilizo kwapani hazitoi uchafu wake kwa njia ya jasho. Na uvimbe hutokea zaidi upande ule kwa sababu ndiko iliko sehemu kubwa ya nyama ya titi. Mwaka 2002 watafiti wa Seattle walichapisha uchunguzi uliowalinganisha wanawake 813 wenye saratani ya matiti na wengine 793 wasiokuwa nayo, na hawakuona uhusiano wowote na dawa za kwapa, si kwa waliozipaka mara tu baada ya kunyoa wala kwa wengine. Mwaka 2004 mtafiti Philippa Darbre wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alieleza kwamba amezikuta parabeni, kemikali za kuhifadhia vipodozi visioze, ndani ya vipande 20 vya uvimbe wa matiti. Habari hiyo ilitikisa soko, na viwanda vingi vikaziondoa parabeni. Lakini utafiti uliofuata mwaka 2012, ambao yeye mwenyewe alishiriki, ulizikuta kemikali hizo karibu katika kila sampuli kutoka kwa wanawake 40, wakiwamo saba waliosema hawajapata kutumia dawa ya kwapa maishani mwao. Kwa hao, parabeni zilitoka kwingineko.

Na alumini yenyewe hupenya kiasi gani? Kipimo kilichotajwa kwa miaka mingi ni cha mwaka 2001, kilichofanywa kwa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja tu, na kilionyesha kwamba ilipenya asilimia 0.012 ya kilichopakwa. Kwa ushahidi mwembamba namna hiyo, si ajabu wataalamu wakayumba. Taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari za kiafya, BfR, ilitoa tahadhari mwaka 2014, kisha mwaka 2020, baada ya vipimo vipya na bora zaidi, ikasema kwamba madhara hayaelekei kutokea. Mwaka huo huo kamati ya wanasayansi ya Umoja wa Ulaya ilisema alumini ni salama katika dawa za kwapa zisizo za kupuliza hadi kiwango cha asilimia 6.25, na katika zile za kupuliza hadi asilimia 10.60.

Mimi nayasisitiza haya kwa sababu moja. Yupo mwanamke ambaye amepewa habari ya saratani, na usiku hapati usingizi akijiuliza kama ni yeye aliyejiletea ugonjwa kwa kichupa alichokuwa akikipaka kila asubuhi tangu ujana wake. Barua ile isiyo na jina ilimbebesha mzigo huo. Ushahidi tulio nao haumbebeshi.

Wakati huo huo biashara ya asili ilikuwa ikikua taratibu. Tom na Kate Chappell walianzisha kampuni yao ya Tom's of Maine mwaka 1970, na mwaka 1976 wakatoa kiondoa harufu cha asili, wakati ambapo wateja wa vitu hivyo walikuwa wachache na wakionekana watu wa ajabu. Mwaka 2006 Colgate-Palmolive ilinunua sehemu kubwa ya kampuni hiyo kwa dola milioni 100. Schmidt's Naturals ilianzia Portland, Oregon, mwaka 2010. Native ilianza mwaka 2015 mjini San Francisco. Mwaka 2017 ya kwanza ikanunuliwa na Unilever, na ya pili na Procter & Gamble. Kwa hiyo mnunuzi anayekimbia kizuia jasho cha kampuni kubwa, mara nyingi hukimbilia rafu ya pili ya kampuni ile ile. Hilo si kosa kisheria, wala halifanyi dawa kuwa mbaya. Ila msikilizaji ataona jinsi mbinu ya mwaka 1919 ilivyokuwa na maisha marefu: zamani mtu alitishwa na harufu asiyoweza kuinusa, leo anatishwa na sumu asiyoweza kuiona.

Anayehama hukutana na nini hasa? La kwanza ni maji. Mirija huzibuka na jasho hurudi, na mtu aliyekuwa mkavu kwa miaka 20 hudhani ameharibikiwa. Jasho la kwapani ni sehemu ndogo tu ya jasho la mwili, kwa hiyo kulizuia hakukumdhuru hata katika joto la Maskati, wala kulirudisha hakumsafishi damu. La pili ni mabadiliko ya bakteria. Mwaka 2016 watafiti wa North Carolina walichapisha matokeo ya kuwachunguza watu 17 kwa siku nane. Waliokuwa wakitumia kizuia jasho walikuwa na bakteria wachache sana, na walipoacha, kufikia siku ya sita idadi yao ilikuwa imepanda na kukaribia ile ya wenzao. Ila jamii za bakteria hao hazikuwa sawa na za wale wasiotumia dawa kabisa. Kwa hivyo wanaosema kwamba siku za mwanzo harufu hubadilika hawasemi upuuzi, lakini wanaosema kwamba hizo ni sumu zinazotoka wanairudia barua ile ya miaka ya 1990.

La tatu ni ngozi. Dawa nyingi za asili zina mafuta ya nazi, wanga, na bikaboneti, yaani yale magadi meupe ya kuumulia keki. Ngozi ina asili ya uchachu kidogo na magadi ni kinyume chake, ndiyo maana baadhi ya watu hupata vipele na wekundu. Kuna na jambo jingine la kuchekesha kidogo. Kutokana na tofauti ya kurithi, watu wengi wa Korea, China na Japani hawana kikwapa, na Uingereza kuna wachache wa namna hiyo. Watafiti wa Bristol, katika matokeo ya mwaka 2013, waliwachunguza wanawake wapatao 6,500 wakakuta asilimia mbili hivi wana maumbile hayo. Zaidi ya robo tatu ya hao walikuwa wakipaka dawa hata hivyo, kila siku au karibu kila siku.

Neno asili pia linahitaji kuangaliwa. Mwaka 2003, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto walikutwa na risasi damuni, na chanzo kilikuwa unga wa manjano kutoka Jamhuri ya Dominika uliotumiwa nyumbani kama dawa ya kwapa. Unga huo huitwa litargirio. Kwa kiasi kikubwa ni oksidi ya risasi, na si kitu kingine bali murtak ule ule wa Ziryab, ambao kwa ndimi za Wahispania ulivuka Atlantiki ukadumu miaka zaidi ya elfu moja. Ulikuwa wa asili, na wa jadi pia. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani ikawataka watu wautupe.

Na sasa turudi kwenye lile jiwe. Tangu miaka ya 1980 huuzwa Marekani na Ulaya kipande cheupe chenye kupenyeza mwanga, kilichochongwa vizuri, ndani ya kikasha cha plastiki, ambacho hulowanishwa na kusuguliwa kwapani. Huitwa kiondoa harufu cha kioo cha madini, na wengi waliokimbia alumini wamekipokea kama mkombozi. Baadhi ya lebo husema kwa uangalifu mkubwa kwamba hakina ile chumvi ya alumini inayotumiwa katika vizuia jasho, na hilo ni kweli. Lakini jiwe lenyewe ni salfeti ya alumini na potasiamu. Haliingii ndani ya mirija kama zile chumvi za viwandani, kazi yake kubwa ni kuwakera bakteria, na hakuna sababu ya mtu mwenye figo nzima kuliogopa. Mwenye figo dhaifu na amwulize daktari wake. Ila alumini imo.

Katika maduka ya dawa za asili huko mwambao, jiwe hilo bado linauzwa bila kikasha wala lebo, na jina lake ni lile lile, shabu.